Kipimo Alichotuma Ulrich

Kwa miaka saba Perpétue hakuwahi kununua kitambaa kwangu bila kwanza kukitukana. Alikishika pembeni, akakisugua kwa kidole gumba kana kwamba anatafuta uchafu, akakiinua kwenye mwanga, halafu akasema kwa huzuni kubwa, “Hii rangi itakimbia siku ya kwanza ya kufuliwa.” Mimi namjibu kwamba rangi itakimbia pamoja naye siku atakayorudi kwao Congo. Tunagombana hivyo mpaka wapita njia wanasimama kututazama, na mwisho tunakubaliana bei ambayo wote wawili tuliijua tangu mwanzo.

Kwa hiyo asubuhi ile aliponyoosha kidole kwenye kitenge nilichokitundika juu kabisa, yadi sita, buluu yenye ndege wa manjano, akasema “Nipe hiyo,” akatoa pesa bila kuuliza mara ya pili, nilidhani homa imempanda.

“Unaumwa?”

“Siumwi. Ninaenda kuona mama.”

“Mama yupi?”

“Niko na wangapi?” Akacheka mpaka akashika ukuta. “Mama Okidi, ninaenda nyumbani! Barabara imepona kidogo. Ulrich anasema magari yanapita mchana, yanafika. Wiki mbili tu, halafu niko njiani.”

Nilimteremshia kitenge. Nilikuwa nimepata bei nzuri kuliko siku zote, na bado moyo haukufurahi, maana biashara ambayo mwenzako hakupigania haina ladha.

Sisi tulikuwa majirani wa kibaraza. Duka ni langu, chini ya kilima cha Old Kampala, kwenye moja ya yale majengo ya zamani ya Wahindi yenye nguzo nene na mlango wa kukunja. Cherehani yake ilikaa kibarazani, mkono wa kushoto wa mlango. Mteja akinunua kitambaa ndani, anatoka anamkuta fundi. Yeye alipata wateja kwangu, mimi nilipata wateja kwake, na hakuna aliyemwambia mwenzake asante. Tulizungumza Kiswahili. Changu ni cha kambini, nilikulia humo, baba yangu alikuwa askari kutoka Gulu. Chake ni cha Butembo. Mara nyingine tulielewana.

Perpétue aliingia Uganda miaka tisa iliyopita. Mume wake alikuwa mwalimu. Siku moja alikwenda kufuata mshahara wake na watu wenye bunduki wakalisimamisha gari. Halikurudi gari, hakurudi mwalimu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Perpétue akafunga nguo zake na mkasi wake, akamwambia mama yake wakimbie pamoja. Mama akakataa. “Wote tukiondoka, nani atawafungulia mlango mkirudi?” Akabaki na Ulrich, kitinda mimba, ambaye wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini asiyejua hata kukoroga ugali.

Perpétue alikaa kwanza kwenye kambi ya wakimbizi, kisha akaja mjini, akapanga chumba Namuwongo, upande wa reli, mahali ambapo mvua ikinyesha unaweka viatu juu ya meza. Kila siku alikuja kazini kwa miguu. Alianza kwa kubana suruali za watu. Sasa wanawake wa Ntinda walikuwa wanamfuata na magari yao ili awashonee gomesi, yale magauni ya Kiganda ya sherehe. Hakuandika kipimo cha mtu yeyote. Alikupima mara moja, akakuangalia usoni, basi. Ukirudi baada ya mwaka anakwambia, “Umeongeza inchi mbili hapa nyuma, mama, nani anakulisha?”

Mara mbili alishafunga mizigo ya kwenda kumwona mama, na mara mbili akaifungua. Mara ya kwanza ugonjwa ulifunga mpaka. Mara ya pili vita vilisogea. Mara zote mbili alirudi kibarazani kesho yake, akakaa, akashona mpaka jioni.

Walichokuwa nacho ni simu ya Jumapili. Baada ya kanisa alipiga, Ulrich akamwekea mama simu kwenye sikio lile linalosikia vizuri. Mama alikuwa na maswali mawili tu. “Umekula?” na “Unakuja lini?” Miaka tisa, maswali mawili. Perpétue alikuwa akiyasimulia kila Jumatatu kana kwamba ni habari mpya.

Sasa nikikumbuka, zile Jumapili za karibuni alirudi na habari nyingine. Mama ana koo, hawezi kuzungumza. Mama amekwenda kwenye maombi. Simu ya Ulrich imeharibika spika. Mimi nilisikia nikaendelea kukunja vitenge vyangu. Yeye alisikia akaamini, kwa sababu furaha ina haraka, haisimami kuuliza.

Aliyenizindua mimi ni Kasereka.

Kasereka ni mfanyabiashara wa Butembo, mwembamba, koti lake ni lile lile mvua na jua. Huja Kampala kila baada ya wiki mbili kuchukua bidhaa na kurudi nazo kwao. Mtu huyo hutoza kila kitu. Ukimpa barua apeleke, anaipima mkononi kama nyama. Niliwahi kumwomba anibebee sabuni vipande viwili ampe mteja wangu mjini Beni, akanitajia bei ambayo ingenunua sabuni nyingine mbili. Ninamheshimu sana kwa hilo.

Siku nne baada ya Perpétue kununua kitenge, Kasereka alipanda kibarazani, akavua kofia.

“Mama Perpétue, nimesikia unasafiri. Utakwenda na mimi.”

“Sina mzigo mingi, Kasereka. Usianze kunitisha na bei.”

“Hakuna bei. Mizigo yako nitabeba mimi. Kiti cha dirishani nimeshaongea na wenye basi. Nitakufikisha mpaka mlangoni.”

“Mpaka mlangoni!” Perpétue akapiga makofi. “Mama Okidi, umesikia? Kasereka ameokoka!”

Nilicheka naye. Lakini nilikuwa namtazama Kasereka, na Kasereka alikuwa anatazama mguu wa cherehani. Mimi nimekula maisha yangu yote kwa kutazama nyuso za watu wanaotaja bei. Mtu mkali anapokupa kitu bure, ujue kuna kitu kingine ambacho umeshalipia na hujaambiwa.

Nikamwita ndani nimwonyeshe mzigo mpya. Tulipofika nyuma ya rafu nikamshika koti.

“Kasereka. Nani amekufa?”

“Unasema nini wewe mama?”

“Wewe hata mate yako ungeuza kama yangekuwa na mnunuzi. Nani amekufa?”

Akatazama mlangoni. Nje cherehani ilikuwa inakwenda, na Perpétue alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwao, akiruka maneno aliyoyasahau.

“Mama yake,” akasema. “Wiki ya tatu sasa. Aliamka na kifua, jioni akaondoka. Tumeshazika.”

“Na mnamwacha aimbe?”

“Kwetu mtu haambiwi kifo cha mama yake kwenye simu, akiwa peke yake ugenini. Anaitwa nyumbani. Anapewa chakula kwanza, maana akishaambiwa hatakula. Halafu anakalishwa katikati, mjomba wake anamwambia, shangazi zake wamemshika mikono. Ndiyo heshima yenyewe. Ulrich ameniomba nimlete. Nimekubali.”

“Kwa hiyo hiyo barabara kupona…”

“Barabara iko vile vile,” akasema Kasereka. “Lakini atapita. Nitahakikisha.”

“Hayuko peke yake. Ana mimi.”

Kasereka alinitazama kwa adabu. “Wewe ni mtu mzuri, Mama Okidi. Lakini wewe si wa ukoo.”

Kwetu sisi habari ya baba yangu ililetwa na sajenti aliyesimama mlangoni bila kuvua kofia; alisoma jina, akauliza nani atatia sahihi. Baada ya hapo mama yangu hakumwamini tena mtu yeyote aliyebisha hodi. Huenda watu wa Butembo wanajua wanachofanya. Nikamwahidi Kasereka kwamba nitanyamaza.

Kunyamaza ni kazi. Perpétue alipokuja kesho yake kuchagua vifungo vya ile nguo, nilitaka kumpa vyote bure, viwe vya shaba, viwe vya lulu, achukue na sanduku. Lakini ningempa bure angeshtuka, kama nilivyoshtuka mimi kwa Kasereka. Kwa hiyo nilimtajia bei ya kipumbavu.

“Wewe mwizi!” akasema, macho yakimng’aa. “Mama yangu ni mzee, hawezi kuvaa vifungo vya bei ya ng’ombe!”

“Basi afunge kwa pini.”

“Mungu anakuona.”

“Anaona nina watoto wa shule pia.”

Tuligombana robo saa nzima. Sijawahi kugombania bei kwa uchungu namna ile. Alipoondoka na vifungo vyake sita ameshinda, nikaingia nyuma ya rafu nikasimama huko mpaka mteja akaniita.

Nguo aliyotaka kumshonea mama ni libaya, ile blauzi wanayovaa wanawake wa Congo juu ya kitenge cha kujifunga, yenye mikono mipana mabegani. Alitaka mama aivae Jumapili ya kwanza, waingie kanisani pamoja, watu wageuke. Kipimo cha zamani alikuwa nacho kichwani. Lakini miaka tisa ni mingi, na wazee hupungua. Kwa hiyo alimwambia Ulrich ampime mama upya amtumie.

Ulrich alichelewa siku tatu. Siku ya nne, mchana, msikiti wa juu ya kilima ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza kuadhini, ujumbe ukaingia. Perpétue alikuwa ameshatandaza kitenge mezani, chaki mkononi, tepu shingoni. Akausoma kwa sauti, kama fundi anavyosoma kipimo cha mteja.

“Kifua arobaini na nne. Kiuno arobaini na mbili. Urefu ishirini na saba. Mkono wa kulia ishirini na mbili. Mkono wa kushoto ishirini na mbili.”

Akachora mstari wa kwanza. Akasimama. Akasoma tena, kimya.

“Mama Okidi.”

“Naam.”

“Mama yangu mkono wa kushoto ulivunjika. Alianguka na kuni Ulrich akiwa mgongoni. Ulipona ukiwa umepinda, haunyooki. Ukipima ule mkono unapata ishirini. Siku zote unapata ishirini.”

“Labda Ulrich hajui kupima.”

“Ngoja.” Aliweka chaki mezani polepole. “Libaya ya mwisho niliyomshonea kabla ya kuondoka, mama aliniambia nisawazishe mikono. Alisema kanisani wasimwone kilema. Nikashona ishirini na mbili na ishirini na mbili, ule wa kushoto unafunika kiganja. Na kifua chake ni arobaini. Mimi niliongeza nne apumue. Arobaini na nne.” Akahesabu kwa kidole kwenye meza, namba moja moja, na kila namba ilikaa mahali pake. “Ulrich hakupima mama. Amepima nguo.”

“Si alikuwa na haraka tu? Wanaume hao…”

“Mama yuko pale nyumbani, anakaa kwenye kiti mlangoni kutwa nzima. Kwa nini umwache mtu uende kutoa nguo sandukuni?”

Nilikuwa na uongo wa kumpa. Nina uongo mwingi, ni mtaji wangu. Lakini nikaanza kukunja upya kitenge kilichokuwa tayari kimekunjwa.

Akapiga simu. Akaiweka sauti ya nje, kwa sababu mikono yake ilikuwa na chaki.

“Yaya!” sauti ya Ulrich; kwao ndivyo wanavyomwita dada mkubwa. “Umepata kipimo?”

“Nimepata, asante sana. Ulrich, kitambaa kimebaki. Nipimie mama mzungusho wa kichwa, nimshonee na kilemba.”

Kuku alilia upande wa pili. Mtu akasema jambo kwa lugha yao, akanyamazishwa.

“Yaya, wewe kuja tu. Kilemba tutatafuta huku.”

“Ni dakika moja. Mpe simu mwenyewe.”

“Amelala.”

“Saa saba ya mchana?”

“Siku hizi…” Sauti ya Ulrich ilipanda kidogo, kama ya mtoto. “Siku hizi analala sana.”

Perpétue alikitazama kile kitenge. Ndege wote wa manjano walikuwa wanaruka kuelekea upande mmoja.

“Basi msimwamshe,” akasema. “Mwambieni niko njiani.”

Akakata simu. Akafuta chaki kwenye vidole, kimoja kimoja, kwa pindo la sketi yake.

“Wewe ulijua,” akaniambia. Hakuuliza.

“Nilijua.”

“Lini?”

“Mimi, tangu Kasereka alivyokuja. Mama… karibu mwezi sasa. Kifua. Ilikuwa siku moja tu, hakuteseka.” Hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe.

“Na ukaniuzia vifungo.”

“Ningekupa bure ungejua.”

Akatikisa kichwa, akafikiri, akaona kweli. “Ungenipa bure ningejua,” akakubali.

Nilimwambia ambacho mtu yeyote mwenye akili angemwambia. Asiende. Njia ni ya hatari, na yule aliyekuwa anakwenda kumwona hayuko. Kitenge akirudishe, sijawahi kupokea bidhaa iliyorudishwa lakini hicho nitakipokea. Tutafanya misa hapa, Wakongo wenzake watakuja, nitatoa viti na chai.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mkasi na kuanza kukata.

“Unakata kwa kipimo kipi?”

“Alichotuma Ulrich.”

“Perpétue, hicho ni kipimo cha nguo.”

“Ninajua. Nikifika mikono mitupu watajua nimejua. Ulrich atajua ni yeye aliyenipa habari, tena kwa simu, kwa kosa lake. Atabeba hiyo maisha yake yote. Yeye alibaki naye, Mama Okidi. Mimi nilikimbia. Yeye ndiye alimuuguza, akamzika, na sasa ananingojea anipe heshima yangu. Nimnyang’anye hiyo pia?”

Alishona siku mbili. Sijaona libaya iliyoshonwa vizuri kama ile, na nimeuza vitambaa kwa mafundi wote wa mtaa ule. Mkono wa kushoto aliuwekea pindo pana, laini, la kufunika kiganja.

Siku moja kabla ya safari alinigeukia kibarazani. Kulikuwa na jua, wateja hakuna.

“Kuna kitu unajua, mimi sijui,” akasema. “Kila siku watu wanakutajia bei unayoijua, na wewe unashtuka kama umeguswa na pasi ya moto. Uso wako unasema hujawahi kusikia namba kama ile. Nifundishe.”

“Nikufundishe nini?”

“Mjomba atakaponiambia. Nitafanyaje uso?”

Nilitaka kumwambia hiki si kitu cha kufundishana. Lakini alikuwa ameshaleta viti viwili. Na kweli, kazi hiyo ninaijua. Nikamwambia kosa la wanaojua ni kushtuka mapema. Mtu anayejua habari hushtuka kabla neno halijaisha. Asiyejua huchelewa; neno linamfikia, anabaki anatabasamu, anangoja maana yake. Kwa hiyo abaki anatabasamu. Ahesabu moyoni moja, mbili, tatu. Kisha aulize, “Mnasema nini?” Ndipo aangushe chochote alichoshika.

“Moja, mbili, tatu,” akarudia kama mwanafunzi. “Tujaribu. Wewe kuwa mjomba.”

Nikakaa sawa, nikakohoa, nikakaza sauti. “Perpétue, mwanangu, karibu nyumbani.”

Akaangua kicheko. “Mjomba hana sauti ya polisi! Mjomba ni mkatekista!”

“Basi acha nijaribu tena. Usicheke.”

“Sicheki.”

Nikalainisha sauti. Nikamshika mikono, kwa kuwa Kasereka alisema wanashikwa mikono.

“Perpétue, mwanangu. Tumekuita kwa sababu kuna jambo. Mama yako ametutoka.”

Alikuwa anatabasamu, kama nilivyomfundisha. Nikaona midomo yake ikisema moja. Ikasema mbili.

Tatu haikufika. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mpaka dakika ile hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Alikuwa amesoma namba, amepiga hesabu, amenibana nikakiri tarehe. Lakini maneno yenyewe, mama yako ametutoka, yalikuwa hayajatamkwa mbele yake na mdomo wa mtu yeyote. Yalitamkwa na mimi, muuza vitenge, kwa mzaha wa mazoezi, kwenye kibaraza, mchana kweupe.

Alitoka kwenye kiti akaanguka kwa magoti, akaweka kichwa mapajani mwangu, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake hata siku zile mizigo ilipofunguliwa. Alimwita mama yake kwa lugha yao. Alimwuliza vitu, akangoja, akamwuliza tena. Watu wa duka la pili walitoka. Nabangala, mteja wake wa Ntinda aliyekuja kuchukua gomesi, alisimama na funguo za gari mkononi.

“Kuna nini, nyabo?”

“Amefiwa na mama yake,” nikasema.

Nabangala akavua viatu vyake vya kisigino, akaketi chini kwenye saruji na nguo zake za ofisini, akaanza kumsugua mgongo. Hakuuliza gomesi. Tulikaa hivyo mpaka jua likahama kibarazani. Mkeka wa msiba haukuwepo wala mjomba. Perpétue alilia mpaka akakauka, akanawa uso kwa maji yake ya kupigia pasi, akampa Nabangala gomesi yake na kumwomba radhi kwa kuchelewa.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza kwenye basi la kwenda mpakani. Kasereka alikuwa amemwekea kiti cha dirishani, amekifuta. Watu wa Butembo kwenye lile basi walimjua, wakampigia kelele. “Mama Perpétue, hatimaye!” “Umemchukulia mama nini?” Yeye akafungua mfuko, akawaonyesha libaya, akasema, “Mtaona wenyewe Jumapili.” Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Kasereka alinitazama juu ya vichwa vya watu, nami nikamtazama, na sote wawili tukageuka tukatafuta kitu cha kufanya na mikono.

Perpétue alinipigia baada ya siku sita.

“Umefika salama?”

“Nimefika. Walinipa wali na nyama ya mbuzi kwanza. Wakanikalisha katikati. Mjomba alisema vizuri sana.”

“Na wewe?”

“Nilitabasamu. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikauliza, ‘Mnasema nini?’ Nikaangusha kikombe. Halafu nilikuwa ninatakiwa kulia, Mama Okidi. Walinishika mikono wote, wakaanza wao, wakaningojea. Haikuja. Nilitafuta, hakuna. Yote iliisha pale kwako.”

“Wamesema nini?”

“Mbele yangu hakuna. Lakini shangazi nimemsikia jikoni, anasema Kampala imenikausha. Anasema mtu anaambiwa kifo cha mama anatazama vipande vya kikombe. Ulrich hanitazami machoni. Alingojea kunishika nilie, siku zote hizo. Anadhani sikumpenda mama.”

“Mwambie basi! Mwambie ulishajua.”

“Nimwambie nini? Kwamba kipimo chake ndicho kiliniambia?”

Nje, upande wa kushoto wa mlango, mtu alikuwa anauliza fundi yuko wapi.

“Unarudi lini?” nikamwuliza.

Akasema bado hajui. Akasema ameketi kwenye kitanda cha mama, mlango uko wazi, na watu wanaendelea kuingia mmoja mmoja, wanampa pole, halafu wanasimama kidogo kumtazama usoni.